Beta Mgeni Nyumbani: Kikombe, Dripu au Kumwachia Mara Moja?

Mfuko niliupokea stendi ya mabasi Mbeya saa 3 usiku, umewekwa ndani ya boksi na kuzungushiwa magazeti ili maji yasipoe. Ndani alikuwa dume la beta, samaki wa mapambo, buluu iliyokolea, mapezi marefu yanayoburura kama khanga. Muuzaji wa Dar es Salaam alikuwa amemfunga jana yake jioni ili awahi basi la alfajiri. Kwa hiyo samaki alikuwa ameshinda kwenye maji yale yale, yasiyofika nusu lita, kwa zaidi ya saa 24.

Nilikuwa nimesoma kwamba mfugaji anayejali hutumia dripu kumzoesha samaki maji ya tangi. Nikamhamishia kwenye ndoo ndogo pamoja na maji aliyokuja nayo, nikafunga mpira kutoka kwenye tangi, nikaacha maji yadondoke tone kwa tone kwa saa 2. Saa ya kwanza alikuwa akipanda juu kuvuta hewa kama kawaida. Saa ya pili ilimkuta amelala ubavu, mashavu mekundu, anahema haraka haraka. Kulipokucha alikuwa amekufa. Maji ya tangi yalikuwa safi na joto lake lilikuwa sawa. Kilichomuua ni zile saa 2 za kusubiri, na ilinichukua muda kuelewa kwa nini.

Tangu siku hiyo nimepokea beta wengine kwa njia zote zinazotumika: kuuacha mfuko uelee tu, kikombe kidogo kidogo, dripu, na kumtoa mfukoni na kumwachia mara moja. Kila njia ina mahali pake. Naziweka hapa pamoja ili wewe uliye na mfuko mkononi leo uchague kwa sababu, usifuate tu sauti iliyo kubwa zaidi.

Kwanza: amekaa mfukoni muda gani?

Watu huuliza njia ipi ni bora. Mimi kabla ya hapo nauliza samaki amefungwa lini. Jibu la swali hilo huamua karibu kila kitu kinachofuata.

Tazama kinachotokea ndani ya mfuko. Samaki anapumua, hewa ukaa anayoitoa inayeyuka majini na kuyatia asidi, na pH, yaani kipimo cha asidi, inashuka. Wakati huohuo anatoa amonia, taka yenye sumu, sehemu kubwa kupitia mashavu. Kwa bahati nzuri kwake, pH ikiwa chini, karibu amonia yote huwa katika umbo la amoniamu, ambalo halimdhuru sana. Kwenye pH 7 na joto la nyuzi 28, sehemu iliyo katika umbo la sumu haifiki asilimia 1. Kwenye pH 8, kwa joto lile lile, ni kati ya asilimia 6 na 7. Yaani pH ikipanda daraja moja, sumu huongezeka takribani mara 10 bila uchafu wowote kuongezwa.

Sasa fungua mfuko. Hewa ukaa inaanza kutoka, pH inaanza kupanda. Mimina humo maji ya tangi yenye pH 7.5 au 8, inapanda zaidi. Amoniamu iliyokuwa imetulia inageuka amonia, na samaki bado yumo anaivuta. Hicho ndicho nilichomfanyia dume langu la buluu kwa saa 2 mfululizo, nikidhani namtunza.

Kuna wanaosema beta hawezi kudhurika na maji mabaya kwa sababu anavuta hewa ya juu. Ni kweli anavuta hewa, kama kambare anavyofanya kwenye dimbwi linalokauka. Ana kiungo maalumu juu ya mashavu kwa kazi hiyo, na ndiyo maana anaweza kusafirishwa kwenye maji kidogo ambayo samaki wengine wangekosa pumzi. Lakini kiungo hicho kinamletea oksijeni tu. Amonia inaunguza mashavu, na mashavu yamo majini muda wote.

Jambo moja linasahaulika. Beta wa dukani aliyekaa wiki nzima kwenye chupa ndogo isiyobadilishwa maji anaweza kuwa katika hali ileile ya aliyesafiri mbali, hata kama duka liko mtaa wa pili. Muulize muuzaji maji ya chupa yalibadilishwa lini. Akisita kujibu, mhesabu kama msafiri wa mbali.

Kuuacha mfuko uelee tu

Hii ni rahisi kuliko zote. Mfuko ukiwa umefungwa unaachwa uelee juu ya maji ya tangi kwa dakika 15 hadi 20, joto linalingana, kisha samaki anatolewa. Haibadilishi pH wala madini ya maji. Inashughulikia joto peke yake.

Inatosha pale ambapo wewe na muuzaji mnatumia maji ya chanzo kimoja. Ukinunua beta Kinondoni kwa mtu anayetumia bomba lilelile unalotumia wewe, mkiondoa klorini kwa namna moja, maji yenu yanafanana vya kutosha. Kinachobaki ni tofauti ya joto, nayo inamwumiza samaki inapozidi nyuzi 2 au 3 kwa ghafla. Zima taa ya tangi wakati mfuko unaelea. Taa ya karibu juu ya plastiki hupasha maji machache haraka.

Kikombe

Mfuko unaelea dakika 15, unafunguliwa, kisha unaongezwa maji ya tangi kidogo kidogo. Mimi natumia kikombe cha kahawa, kile kidogo cha wauza kahawa ya mtaani, chenye kama mililita 50. Mfuko wa nusu lita ukipata kikombe kimoja kila dakika 5, baada ya vikombe 10 maji ni nusu kwa nusu na dakika 50 zimepita. Ukiona mfuko unajaa, punguza maji ya zamani kwanza ndipo uendelee.

Faida yake kubwa ni kwamba mfuko unabaki ndani ya tangi muda wote, kwa hiyo joto haliponyoki. Faida ya pili ni kwamba uko pale. Kila baada ya dakika 5 unamtazama, na akianza kuhema vibaya unaacha habari ya vikombe na kumtoa. Dripu haikulazimishi kutazama. Ukiifunga unaweza kwenda kupika, na mimi ndivyo nilivyofanya.

Kwa beta aliyefungwa asubuhi na kufika kwako kabla ya jioni, kikombe ndicho ninachopendekeza. Kama safari ilikuwa ya saa 1 au 2 tu, dakika 30 zinatosha; hakuna haja ya kufikisha 50.

Dripu

Vifaa vyake vinapatikana kirahisi. Mpira mwembamba wa pampu ya hewa uliofungwa fundo unafanya kazi, lakini mimi naona seti ya dripu ya duka la dawa ni bora, kwa sababu ina kigurudumu cha kupunguza kasi na pakiti yake imeandikwa idadi ya matone kwa mililita. Nyingi ni matone 20 kwa mililita 1. Hapo unaweza kupiga hesabu badala ya kukisia: matone 2 kwa sekunde ni mililita 6 kwa dakika, na nusu lita ya maji ya mfuko itachukua zaidi ya saa 1 na dakika 20 kuongezeka mara mbili. Matone 4 kwa sekunde, kama dakika 42.

Dripu inabadilisha maji polepole kuliko njia nyingine yoyote. Ndiyo maana wafugaji wa uduvi na wa samaki wa bahari wanaitegemea. Viumbe hao hawavumilii mabadiliko ya ghafla ya chumvi na madini. Beta hana udhaifu huo. Anavumilia tofauti ya kiasi ya madini vizuri kuliko anavyovumilia amonia, kwa hiyo kumwekea dripu kila mara ni kumkinga na hatari ndogo huku ukimwacha ndani ya hatari kubwa.

Kuna na baridi. Dripu inafanyika kwenye ndoo nje ya tangi. Dar es Salaam au Mombasa hilo halina shida, chumba chenyewe kina nyuzi 28. Mbeya mwezi Julai, au Nairobi, maji yasiyofika lita 1 kwenye ndoo wazi yanapoa upesi. Niliwahi kupima: yalianza nyuzi 26, baada ya saa 1 yalikuwa 22, ingawa maji yaliyokuwa yakidondoka yalitoka kwenye tangi lenye joto. Samaki aliyechoka na safari akapoteza nyuzi 4 ndani ya saa 1, halafu akapandishwa tena nyuzi 4 alipoingia tangini. Ukiishi nyanda za juu na unataka dripu, iweke ndoo ndani ya beseni la maji ya uvuguvugu na kipimajoto kikae humo.

Mahali ambapo dripu inastahili ni hapa: samaki ametoka karibu, maji ya mfuko ni mapya, lakini maji yake na yako ni tofauti kabisa. Mfano ni beta aliyekuzwa kwenye maji ya kisima cha pwani, magumu na yenye chumvichumvi, anayehamia kwenye tangi la maji ya mvua. Hapo hakuna amonia ya kuogopa na tofauti ya madini ni kubwa. Mpe saa 1 ya dripu.

Kumwachia mara moja

Njia hii inaonekana ya kikatili na watu wengi hawataki hata kuisikia. Hatua zake ni hizi: mfuko unaelea ukiwa umefungwa kwa dakika 20 ili joto lilingane. Unapoufungua, hupotezi muda. Maji ya mfuko unayachuja kwenye beseni, samaki unamdaka kwa kikombe laini cha plastiki, na ndani ya dakika 1 au 2 yuko tangini. Maji ya mfuko unayamwaga nje, hayaingii tangini hata tone kwa makusudi.

Anapata mshtuko wa pH, ndiyo. Lakini anatoka kwenye maji machafu na kuingia kwenye maji safi, na badiliko la kwenda kwenye usafi analivumilia kuliko kubaki ndani ya sumu inayopanda. Kwa beta aliyefungwa usiku kucha na mchana mzima, mimi sasa natumia njia hii peke yake, na sijampoteza mwingine kwa namna niliyompoteza yule wa buluu.

Ukiwa na vifaa vya kupima, pima maji ya mfuko mara tu unapoufungua. Kumbuka kwamba vipimo vya kawaida vya matone husoma amonia na amoniamu kwa pamoja. Ukiona namba kubwa ya amonia pamoja na pH iliyo chini ya 7, usifikirie mara mbili, mwachie. Ukiona amonia karibu na sifuri, una muda wa vikombe.

Wengine wataniuliza: je, kama amesafiri siku nzima na pia maji yangu ni tofauti sana na ya muuzaji? Hili ndilo swali gumu kuliko yote, na jibu lake linaanza kabla samaki hajapanda basi. Mpigie muuzaji, muulize pH ya maji yake, joto lake, na kama ni ya bomba, kisima au mvua. Kisha andaa chombo cha lita 10 hivi chenye maji yanayokaribia hayo, na kifuniko. Samaki akifika anaachiwa humo mara moja, halafu kwa muda wa siku 4 au 5 unabadilisha maji kidogo kidogo kwa maji ya tangi lako. Badala ya kumharakisha samaki afanane na maji, maji yanamsubiri yakiwa yamefanana naye. Chombo hicho pia kinakusaidia kumtenga na kumchunguza kama ana ukungu, vidoa vyeupe au vumbi la rangi ya dhahabu mwilini kabla hajaingia kwenye tangi lako kuu.

Kwa hiyo mimi nachagua hivi. Maji ya chanzo kimoja na safari fupi: mfuko uelee tu. Safari ya saa chache na maji yanayotofautiana kidogo: kikombe. Safari fupi na maji yanayotofautiana sana: dripu, ukilinda joto. Usiku kucha au zaidi: joto lilingane mfuko ukiwa umefungwa, kisha mwachie.

Neno moja kuhusu wavu. Mapezi ya beta mwenye mkia mrefu hunasa kwenye nyuzi na kuchanika, na jeraha hilo kwenye samaki aliyechoka ni mlango wa kuoza mapezi. Tumia kikombe.

Tangi linalomsubiri

Njia yoyote utakayochagua haitamwokoa kama tangi lenyewe halijawa tayari, na hapa ulinganisho ni kati ya tangi lililokomaa na tangi jipya.

Tangi lililokomaa lina bakteria kwenye sponji ya filta na changarawe, wanaogeuza amonia kuwa naitraiti, kisha naitraiti kuwa naitreti isiyo na madhara makubwa. Kuwajenga kuanzia mwanzo huchukua wiki 4 hadi 6, na kwenye maji ya baridi huchukua zaidi. Tangi jipya linaweza kuwa na maji yanayong'aa kama kioo na bado halina bakteria hata wa kutosha samaki mmoja.

Ukiweza kusubiri, subiri. Ukiwa na rafiki mfugaji mwenye samaki wazima, mwombe kipande cha sponji yake iliyotumika, ukisafirishe kikiwa kimelowa, uipachike kwenye filta yako siku hiyohiyo. Ni msaada mkubwa kuliko dawa yoyote ya chupa niliyowahi kununua. Kama samaki ameshafika na tangi ni jipya, bado unaweza kumtunza, ila itakubidi ubadilishe robo ya maji kila siku au kila baada ya siku 2 na kupima amonia na naitraiti, mpaka zote zikae kwenye sifuri zenyewe. Ni kazi ya mwezi mzima. Ikubali kabla ya kumnunua.

Ukubwa: lita 20 ndicho kiwango ambacho mimi sishuki chini yake. Bakuli la lita 3 linachafuka haraka, linapoa haraka, na halina nafasi ya filta wala hita. Sina la kulitetea.

Maji ya bomba yana klorini. Ndoo ikikaa wazi saa 24, klorini huondoka. Lakini pale ambapo mamlaka ya maji hutumia kloramini, kusubiri hakusaidii. Inahitajika dawa ya kuondoa klorini. Kwa kuwa matone machache yanatosha tangi zima, mimi naitumia kila mara.

Joto analolipenda beta ni nyuzi 24 hadi 28. Pwani hita haihitajiki kwa miezi mingi ya mwaka. Huku kwetu Mbeya, ambako usiku wa Juni na Julai hushuka chini ya nyuzi 10 nje, tangi la lita 20 nalitilia hita ya wati 50 na kulifunika. Umeme ukikatika usiku, lizungushie blanketi na uliache. Usimwagie maji ya moto; kupoa polepole kunamdhuru kidogo kuliko kupanda ghafla.

Majani ya mkungu au chumvi?

Wengi huambiwa watie chumvi ili mgeni atulie. Chumvi ina kazi yake katika matibabu, kwa kipimo na kwa siku chache. Kama kitu cha kumkaribishia mgeni, siipendi: beta ni samaki wa maji yasiyo na chumvi, na chumvi haiondoki maji yanapokauka. Unapoongeza maji na kutia chumvi tena, kiwango kinapanda bila wewe kujua.

Mkungu ni jambo tofauti, na hapa watu wa pwani mna bahati ambayo wengi hamjaitambua. Beta tunaowafuga, Betta splendens, asili yao ni Thailand, kwenye mashamba ya mpunga, mifereji na vinamasi vyenye maji ya kina kifupi yaliyotulia na yaliyojaa majani. Wathai wanamwita pla kat, samaki anayeuma, na mwaka 2019 serikali yao ilimfanya kuwa mnyama wa majini wa taifa. Wafugaji wa huko hutia kwenye vyombo vyao majani makavu ya mti unaoitwa kitaalamu Terminalia catappa. Mti huo ni mkungu wetu, ule wenye matawi yaliyopangwa ghorofa ghorofa, unaotia kivuli ufukweni Tanga, Mombasa na Unguja, ambao watoto hupasua mbegu zake kwa jiwe wapate kungu. Wazungu na Waamerika hununua majani yake kwa pakiti. Ninyi mnayafagia kila asubuhi.

Chukua lililodondoka lenyewe, la kahawia, kavu kabisa. La kijani haliwekwi. Liwe limetoka mahali pasipopulizwa dawa wala pasipo moshi wa barabara. Lisuuze, liweke jani 1 la wastani kwa lita 20. Baada ya siku 2 au 3 maji yatakuwa rangi ya chai ya rangi. Rangi hiyo inatokana na tanini. Inapunguza mwanga, na kwenye maji laini inashusha pH kidogo. Kwenye maji magumu ya kisima pH haitatikisika sana, lakini kivuli na mahali pa kujificha bado anavipata. Beta hupenda kulala juu ya jani lenyewe. Mimi majani yangu hutumiwa kutoka Tanga kwenye bahasha, na jani likianza kubaki mishipa mitupu nalibadilisha.

Kati ya hivyo viwili, mkungu. Chumvi iweke kabatini mpaka awe na ugonjwa unaojulikana.

Siku tatu za mwanzo

Usiku wa kwanza taa zote zizimwe, hata kama una hamu ya kumwona. Tangi lifunikwe, kwa maana beta mgeni huruka, na maji yapungue sentimita 4 hadi 5 kutoka ukingoni ili pia awe na hewa ya kuvuta. Filta ya sponji inayosukumwa na pampu ndogo ya hewa inamfaa kuliko ile inayomwaga maji kwa nguvu kutoka juu. Ukiwa na ya pili, weka kipande cha sponji mdomoni mwake kuvunja kasi. Mapezi marefu dhidi ya mkondo ni sawa na mtu aliyevaa kanzu ndani ya mto.

Usimwonyeshe kioo ili atanue mapezi. Usimweke pembeni mwa dume mwingine hata kama kuna kioo katikati. Hayo ni mazoezi ya samaki aliyezoea.

Rangi iliyofifia, mistari ya kulala ubavuni, mapezi yaliyofumbwa na kujificha nyuma ya filta ni uchovu, na mara nyingi hupungua ndani ya siku 2 au 3. Mashavu mekundu, kuhema kwa kasi bila kupumzika na kulala ubavu ni jambo lingine. Hapo usingoje asubuhi: pima amonia, badilisha nusu ya maji kwa maji yaliyoondolewa klorini na yenye joto lilelile.

Chakula kisubiri saa 24. Wauzaji wazuri huwa wamemnyima chakula siku 1 au 2 kabla ya safari ili asichafue mfuko, na kuongeza siku moja hakumdhuru. Siku ya pili jaribu vidonge 2 vidogo vya chakula, asubuhi, taa ikiwa hafifu. Wengi huvitema. Vitoe majini, usiviache viyeyuke, ujaribu tena jioni. Akikataa mpaka siku ya tatu, viluwiluwi vya mbu humshawishi karibu kila beta kwa sababu vinacheza. Vivune kwenye ndoo yako mwenyewe ya maji safi, si kwenye mtaro, na umpe 4 au 5 tu, vyote vikiisha mbele ya macho yako.

Dume nililonalo sasa, jekundu mwenye mkia mfupi, alifika kwa basi lilelile baada ya saa 26 mfukoni. Nilimwachia mara moja, gizani, chini ya jani la mkungu. Siku ya kwanza sikumwona kabisa. Siku ya tatu asubuhi, nilipoinua kifuniko, alikuwa tayari ameshakuja mbele ya kioo, mdomo juu, anangoja.